Maji ya Bafuni, Jembe na Mparachichi: Magonjwa ya Miti Uani Kwetu Uyole

Mparachichi hauanzi kufa juu, ingawa juu ndiko tunakouona ukifa. Majani ya kileleni yanakuwa madogo, yanapauka, matawi ya juu yanabaki vijiti vitupu, na mwenye mti anakwenda duka la pembejeo kuuliza dawa ya majani. Nimeyaona hayo kwenye nyua nyingi hapa Uyole, Mbeya, ua wetu ukiwemo, na karibu kila mara shida ilikuwa chini, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni.

Tulipohamia hapa miti tuliikuta. Aliyetuuzia kiwanja alipenda matunda: miparachichi mitatu, mpichi, mlimau, mpera wa ukutani, na migomba nyuma ya choo. Hapa ni mwinuko wa kama mita 1,800. Baridi ya Juni na Julai inauma, na mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, mwaka mwingine zikavuka na kuingia Mei. Ndugu zetu wa Tukuyu wanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kwao kupambana na ukungu wa miti ni kazi isiyo na likizo. Sisi tuna kiangazi. Na kazi yangu kubwa ya kulinda miti imekuja kuwa ya kiangazi hicho, wakati mti hauonyeshi ugonjwa wowote na majirani wanaopita wananiuliza, "Mama, mti mzima hivyo unauhangaikia nini?"

Mparachichi uliotufundisha ni ule wa upande wa bafuni. Maji ya kuogea na ya kufulia yalikuwa yanatoka kwa bomba fupi na kumwagika pale pale chini yake, toka enzi za mwenyewe wa kwanza. Watu huona huo ni ujanja: maji hayapotei na mti unakunywa. Mwaka mmoja ukazaa kupita kiasi. Matunda yalikuwa madogo madogo lakini mengi, tukagawa hadi kwa majirani wa mtaa wa pili, kila mtu akausifu. Msimu uliofuata ndipo kilele kikaanza kukauka. Baadaye nilikuja kujua kwamba mti wenye mizizi inayooza mara nyingi hufanya hivyo, unabeba mzigo wa matunda madogo kabla ya kudhoofika kabisa. Siku hizi nikiona mparachichi umejaa vitunda vidogo na majani yake yamepwaya kiasi cha kuiona mbingu katikati ya matawi, siusifu.

Bwana shamba alipokuja sikujua kwamba hatapanda wala kuchuma jani. Nilikuwa nimeshamwandalia ngazi.

"Mama, hiyo ngazi rudisha. Nipe jembe."

Alifukua kidogo tu pale kivuli cha matawi kinapoishia, kina cha kiganja, kisha akaniita nichuchumae. Mizizi midogo ya mparachichi wenye afya ni ya rangi ya maziwa, inanyumbulika, na huipata karibu kabisa na uso wa udongo. Ile ya mti wetu ilikuwa myeusi, ukiigusa inakatika. Sehemu nyingine haikuwepo kabisa. "Huu unalala njaa," akasema. "Chakula kipo, maji yapo, mdomo ndio umeoza."

Kimelea chenyewe kinaitwa Phytophthora cinnamomi. Kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini ya Sumatra, ndiyo maana kikabeba jina la mdalasini, lakini leo ndicho adui mkubwa wa mparachichi duniani. Kwa watu wa huku njia rahisi ya kukielewa ni kwamba ni ndugu wa bakajani ya viazi mviringo, na hakuna mkulima wa viazi kule milima ya Uporoto asiyejua ugonjwa huo unavyokula shamba mvua zikizidi. Bakajani inashambulia majani, huyu anashambulia mizizi. Anatoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji yaliyotuama kati ya chembe za udongo, hadi vikutane na mzizi mchanga. Pasipo na maji yaliyotuama, safari yao inakuwa ngumu. Tena anaweza kujificha kwenye udongo miaka mingi akingoja.

Nikawaza: maji ya bafuni kila siku, kiangazi na masika. Tulikuwa tunamtengenezea barabara.

Tulichofanya kwanza hakikuhitaji kununua dawa. Tulichimba mfereji, tukayageuza maji yote ya bafuni na ya kufulia yaelekee kwenye migomba nyuma ya choo. Mgomba unapenda maji na kimelea hiki hakiutesi. Upande wa juu wa kiwanja tukachimba mtaro mwingine wa kukinga maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwa jirani. Udongo wetu wa majivu ya volkano hupitisha maji vizuri ukiachwa ulivyo, ila uani haubaki ulivyo: watu wanakanyaga, watoto wanacheza mpira, gari la mchanga linageuzia hapo, na baada ya muda ardhi inakuwa sakafu. Hilo nalo linatuamisha maji.

Kisha matandazo. Mabua ya mahindi, majani makavu, vipande vya matawi tuliyopogolea, na maranda makubwa ya seremala (si vumbi laini la msumeno, hilo linagandamana na kuzuia hewa). Tuliweka unene wa kama sentimita 10 kuzunguka mti hadi kivuli kinapoishia, tukiacha shina lenyewe wazi, upana wa kiganja pande zote, kwa sababu unyevu ukigandia shina unaozesha gome. Matandazo ya miti yakianza kuoza yanaleta viumbe vingi vidogo, na baadhi yao hutoa vimeng'enya vinavyomega kuta za kimelea yule. Huko Queensland, Australia, wakulima wa parachichi walianza zamani kutumia samadi ya kuku na mabaki mengi ya mimea kwa namna hiyo, na watafiti wakaandika habari zake miaka ya 1970. Samadi ya kuku mimi natumia ile iliyokaa muda ikapoa. Mbichi inaunguza mizizi ambayo tayari ni migonjwa.

Mti wa bafuni haukupona. Uliishi msimu mmoja zaidi kisha tukaukata, na hapo hatukurudisha mparachichi wala mpichi, ambao nao unaweza kushikwa na kimelea hicho. Ila miwili mingine, iliyokuwa imeanza kupauka, ilirudisha majani. Kuna dawa za fosfonati ambazo wenye mashamba makubwa huzidunga kwenye shina zikashuka hadi mizizini, na zinasaidia. Kwa miti miwili ya uani, tena ikiwa maji yameshaondolewa, sikuona sababu ya kuzitafuta.

Vita kubwa ilikuwa ya jembe. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka kijijini akakuta eneo lote la chini ya miparachichi limefunikwa mabua, alisikitika waziwazi.

"Mwanangu, ardhi nzuri hii mnaifunika? Hapa si maharage ya kutosha kabisa?"

Shikamoo mama, nilimjibu kwa upole, maharage tutapanda pale kwenye uzio. Hakuridhika, na namwelewa, kwa sababu kila ua wa Mbeya una maharage au mboga chini ya mti na watu wanakula. Lakini mizizi ya kulisha mparachichi iko kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, hapo hapo jembe linapopita. Kila palizi ni kukata mizizi, na kila mzizi uliokatwa ni mlango uliofunguliwa. Halafu jembe lile lile, na tope lake, linatoka kwenye mti mgonjwa linahamia kwenye mzima. Nyumbani kwetu sasa jembe linaoshwa na kufutwa likishatoka kwenye mti wenye mashaka, na msumeno wa kupogolea unapanguswa kwa spiriti, au kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, kabla ya kuhamia mti mwingine. Vijana wa kazi hucheka. Wacheke tu, ilimradi wapanguse.

Mbuzi nao niwataje hapa. Mbuzi aliyefungwa kwenye mpichi anatafuna gome, na kamba inakwangua upande wa pili. Misumari ya kamba ya nguo ni hivyo hivyo. Mpichi wetu ulikuwa unatoa ulimbo wa rangi ya kahawia mahali pale pale waya wa nguo ulipokuwa umezungushwa. Tulitoa waya, tukasimika nguzo mbili za mbao kwa ajili ya nguo, na ulimbo ukapungua polepole. Huo mpichi pia hupata kutu ya majani mwishoni mwa masika: madoa ya njano juu, unga wa kahawia chini ya jani, na majani yanapukutika kabla ya wakati. Nayafagia na kuyaondoa, sifanyi zaidi ya hapo, na matunda tunayapata.

Dawa ya kupulizia nilifundishwa na mzee jirani yetu aliyelima kahawa Mbozi maisha yake yote. Wakulima wa kahawa wa huku wanaijua kopa, yaani dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ya chulebuni (ukungu unaoozesha buni) na kutu ya majani. Nilikwenda kumsalimia siku moja nikiwa na parachichi lenye madoa meusi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni chule. Binamu yake na ile ya kahawa. Nyumbani una mrututu?"

Sikuwa nao. Akanipeleka stoo kwake, akanionyesha zile chembe za bluu za chumvi ya shaba, na somo likaanza. Gramu 100 za mrututu zinayeyushwa kwenye ndoo ya plastiki yenye maji nusu ya kipimo. Gramu 100 za chokaa iliyozimwa zinakorogwa kwenye ndoo nyingine. Kisha maji ya mrututu yanamiminwa taratibu kwenye chokaa huku unakoroga, hadi jumla ifike lita 10. Plastiki, kwa sababu mrututu unakula bati. Mchanganyiko unakuwa wa bluu ya anga, unachujwa kwa kitambaa ili usizibe bomba, na unatumika siku hiyo hiyo, hautunzwi.

Kilichonifurahisha zaidi ni msumari. Kabla ya kupulizia alichukua msumari mpya unaong'aa, akauzamisha kwenye ndoo kwa muda kisha akautoa. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa ni kidogo, na dawa hiyo itaunguza majani. Unaongeza chokaa, unajaribu tena mpaka msumari utoke ulivyoingia. Nimekuwa nikifanya hivyo kila mara, maana chokaa tunazouziwa hazilingani ubora.

Mchanganyiko huu si wa juzi. Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, aliutangaza mwaka 1885 kwa ajili ya ukungu wa mizabibu. Inasemekana aliugundua baada ya kuona kwamba mizabibu ya kando ya barabara, ambayo wenyewe walikuwa wameipaka mrututu na chokaa ili wapita njia wasile zabibu, ndiyo iliyobaki na majani wakati mingine inapukutika. Nilipomsimulia mzee alicheka hadi akakohoa. Watoto wanaotoka shule hupita kwenye uzio wetu, na matunda ya tawi la nje hayajawahi kuivia mtini. Mpaka leo ananitania nipake.

Lakini mrututu ni ngao tu. Hautibu tunda lililokwisha kuingiliwa. Hilo ndilo linalowachanganya wengi kuhusu chule ya parachichi. Ukungu wake huingia tunda likiwa changa, unalala ndani ya ganda, na tunda linakua vizuri bila doa. Ganda la tunda bichi lina kinga yake ya asili inayouzuia. Tunda likishachumwa na kuanza kuiva kinga hiyo inapungua, na ukungu unaamka. Ndiyo maana mama anayenunua parachichi safi sokoni Mwanjelwa Jumatatu analikuta na mashimo meusi Alhamisi, akadhani limeozea kwake nyumbani. Liliugua likiwa bado na ukubwa wa karanga.

Na ukungu huo unatoka wapi? Unatoka kwenye vijiti vikavu na majani yaliyokufa yaliyonasa ndani ya mti. Mvua inavipiga, matone yanaruka na vijimbegu, yanaangukia matunda. Kwa hiyo kazi ya Agosti na Septemba, kabla ya mvua, ni kuondoa kila kijiti kikavu, kila tunda jeusi lililogandia tawini, na kufungua katikati ya mti ili upepo upite na majani yakauke haraka baada ya mvua. Tena nimefupisha miti yote miwili. Bomba la mgongoni halifiki kileleni mwa mparachichi wa mita kumi, na mtu anayepulizia matawi ya chini tu anapoteza mrututu wake. Pale maua yakishapukutika na vitunda vimeshika napulizia mara ya kwanza, kisha narudia kila mvua zinapokuwa zimeosha dawa. Kuku wanafungiwa, nguo za jirani zinaanuliwa (naomba kwanza), glavu na kitambaa cha pua vinavaliwa. Anayefuga samaki asiache tone liingie bwawani, shaba inaua samaki. Wasiotaka kuchanganya wenyewe hununua kopa ya dukani, na hapo wasome lebo kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini. Dawa iliyofungashwa upya kwenye chupa ya soda siinunui hata kwa bei ya bure.

Kuchuma pia ni kinga. Tunda linakatwa na kikonyo chake kifupi, halinyofolewi, wala halichumwi limelowa umande. Lililoanguka chini halichanganywi na mengine. Mnunuzi mmoja wa Hass, ile aina ya parachichi, aliwahi kukataa ndoo nzima kwa jirani yangu kwa sababu ya vikonyo tu.

Kuna mambo tunayafanya kwa mazoea ambayo sina imani nayo. Kupaka shina chokaa nyeupe kunasaidia gome lisiunguzwe na jua baada ya kupogolea sana, basi. Hakugusi ugonjwa wa mizizi. Oili chafu ya gari kwenye shina ni hapana. Na zile kuvumwani (lichen) za kijivu zinazoota kwenye magome kule Rungwe si ugonjwa, ni dalili ya hewa yenye unyevu. Watu huzikwangua kwa panga hadi wanalijeruhi gome.

Miche ndiyo njia fupi kuliko zote ya kununua ugonjwa. Miche mingi ya barabarani hupandwa kwenye viriba vilivyojazwa udongo uliochotwa chini ya miparachichi mizee, na kimelea kinakuja ndani ya kiriba bila nauli. Nikinunua mche naomba kiriba kimoja kipasuliwe mbele yangu niione mizizi. Muuzaji akikataa naaga kwa heshima. Mche naupanda juu ya kituta, si kwenye kishimo kitakachogeuka bakuli, na kovu la kubebeshea, pale kikonyo kilipounganishwa na shina, linabaki juu ya udongo.

Mlimau ndio ulionishinda. Tawi moja lilianza njano, si njano ya njaa ya mbolea inayolingana pande zote mbili za jani, bali mabaka mabaka yasiyolingana. Malimau yakawa madogo, yamepinda upande. Majani machanga yalikuwa na vinundu juu, na ukiyageuza unakuta vishimo, ndani yake kijidudu kimelala. Huyo ni Trioza erytreae, chawa wa machungwa anayeeneza bakteria wa ugonjwa wa kijani wa jamii ya Kiafrika. Bakteria hao wanapenda ubaridi wa miinuko na hunyong'onyea joto likizidi nyuzi 30, kwa hiyo hapa Uyole wako kwao kabisa, tofauti na joto la Kyela chini kando ya Ziwa Nyasa. Dawa yake hakuna. Tulikata tawi, dalili zikaja kwenye lingine, tukaung'oa mti wote.

Tatizo ni kwamba mlimau wa jirani, uzio kwa uzio, una vinundu vile vile. Nilimfuata, tukakaa, nikamgeuzia majani akaviona vishimo kwa macho yake.

"Nimekuelewa mama, lakini huu nao ndio wa chai yetu. Ngoja haya yaliyopo yaishe, ndipo nimwite kijana aukate."

Yaliyopo hayajaisha. Mche mpya wa mlimau nimeshaulipia kitaluni, na nimewaomba wanitunzie huko huko hadi hapo mti wa jirani utakapoondoka.